Mwanamke wa Mfereji wa Landwehr: jina la Romanov lilipofikishwa mahakamani

Usiku mmoja wa Februari 1920, polisi wa Berlin walimwopoa mwanamke kutoka kwenye Mfereji wa Landwehr. Alikuwa amejirusha kutoka darajani. Hakuwa na kitambulisho, na alipoulizwa jina alinyamaza. Wakampeleka Hospitali ya Elisabeth, akaulizwa tena, akanyamaza tena. Mwishowe akahamishiwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dalldorf, na kwa kuwa daftari la wagonjwa halipendi mstari mtupu, akaandikwa Fräulein Unbekannt, yaani Bi Asiyejulikana. Alikaa humo miaka 2.

Huyu ndiye ambaye baadaye dunia ilimjua kama Anna Anderson, mwanamke aliyedai kuwa ni Anastasia, binti mdogo kuliko wote wa Tsar Nikolai wa Pili, mfalme wa mwisho wa Urusi kutoka ukoo wa Romanov. Wengi humsimulia kama tapeli, au kama binti mfalme aliyedhulumiwa, kutegemea msimulizi ameamkaje siku hiyo. Mimi naisoma habari yake kama kesi ya mirathi, kwa sababu ndivyo ilivyofika mahakamani. Na kesi ya mirathi, ukishaondoa kelele za wafiwa, inabaki na swali moja: huyu ni mtoto wa nani? Karibu wote walioishughulikia walilitafuta jibu kwenye sura, kwenye kumbukumbu na kwenye jina la ukoo, na jina la ukoo hufuata baba. Jibu lilikuwa limekaa upande wa mama muda wote huo.

Jina lenyewe lina mambo yake. Kwa Mrusi, Romanov si jina la ajabu. Maana yake ni "wa Roman" tu, kama vile kwetu mtu huitwa bin Fulani mpaka Fulani mwenyewe akageuka jina la ukoo mzima. Roman huyo alikuwa Roman Yurievich Zakharyin, mwungwana wa Moscow aliyefariki 1543, na kabla yake ukoo ulijulikana kwa majina mengine. Kilichoupandisha ni binti yake, aliyeolewa na Tsar Ivan wa Nne mwaka 1547. Binti huyo aliitwa Anastasia. Mwanawe wa mwisho aliyetawala alipofariki 1598 bila mrithi, Urusi ikaingia katika miaka ya vurugu, na baraza la nchi lilipomchagua Mikhail Romanov kuwa Tsar mwaka 1613, kijana wa miaka 16, hoja yake kubwa ilikuwa kwamba babu yake alikuwa kaka wa Anastasia yule. Kiti kikaja kwa njia ya shangazi.

Mwaka 1730 wanaume wa ukoo huo wakaisha. Miaka 32 baadaye kiti kilimfikia Peter wa Tatu, ambaye baba yake alikuwa mtawala wa Holstein-Gottorp huko Ujerumani. U-Romanov wake ulitoka kwa mama yake, Anna, binti wa Peter Mkuu. Jina likaendelea kutumika kama vile hakuna kilichotokea. Tena kuhusu Paul, mwana wa huyu Peter wa Tatu, mama mtu mwenyewe, Katerina, aliacha kumbukumbu zinazomfanya msomaji amtilie shaka bwana mmoja wa ikulu, Sergei Saltykov. Wahenga walishayamaliza hayo: kitanda hakizai haramu. Paul akawa Tsar, na wote waliotawala baada yake ni uzao wake.

Kuna kejeli nyingine. Filaret, baba yake Mikhail, alipandishwa vyeo kanisani na walaghai wawili waliojiita Dmitry, mwana wa Ivan wa Nne. Wa kwanza alimpa uaskofu mkuu wa Rostov, wa pili akamtangaza patriaki, yaani mkuu wa kanisa. Mwaka 1773 akatokea Pugachev akijiita Peter wa Tatu, ambaye alikuwa ameuawa miaka 11 nyuma, na maelfu wakamfuata vitani. Warusi wana neno la watu wa namna hii: samozvanets, aliyejiita mwenyewe. Kwa hiyo mwanamke wa Berlin hakuleta kitu kigeni. Ila yeye, mwanzoni kabisa, hakujiita. Aliitwa.

Aliyemwita ni mgonjwa mwenzake wa Dalldorf, Clara Peuthert, ambaye alipotoka hospitalini alienda kwa Warusi waliokimbilia Berlin akawaambia kwamba mle wodini yumo Tatiana, binti wa pili wa Tsar. Mwaka 1922 akaja Baroness Sophie Buxhoeveden, aliyekuwa msaidizi wa Malkia Alexandra, mke wa Tsar, na akiwajua mabinti hao kwa karibu. Mgonjwa akajifunika shuka. Baroness akamtazama, akasema huyu ni mfupi mno kuwa Tatiana, akaenda zake. Mgonjwa naye baadaye akatoa jibu ambalo wakili yeyote angelipigia mstari: mimi sikusema kuwa ni Tatiana.

Katika orodha ya mabinti 4 wa Tsar, ukimwondoa Tatiana kwa sababu ya urefu, anayebaki kuwa mfupi ni Anastasia. Baada ya hapo mgonjwa akaanza kuitwa Anastasia, naye hakukataa.

Inafaa kukumbuka hali ya wakati ule. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Julai 1918, mjini Ekaterinburg, Tsar, mkewe, watoto wao 5 na watumishi 4 waliuawa kwa risasi na singe katika chumba cha chini cha nyumba ya Ipatiev. Mkuu wa kikosi, Yakov Yurovsky, aliwazika kwa siri. Serikali ya Bolsheviki, yaani wakomunisti walioshika nchi, ilitangaza kifo cha Tsar pekee na kudai kuwa familia imepelekwa mahali salama. Hakukuwa na maiti, hakukuwa na kaburi, na taarifa rasmi ilikuwa uongo. Msiba usio na maziko huacha mlango wazi, na mwanamke huyu alipita katika mlango huo pamoja na wenzake wengi waliodai kuwa mtoto huyu au yule wa Tsar. Yeye alisema aliokolewa na askari mmoja, Alexander Tschaikovsky, aliyemtoa kwa mkokoteni hadi Bucharest, wakazaa mtoto, kisha askari huyo akauawa.

Mwaka 1925 aliugua kifua kikuu, na kitandani pake wakapita mashahidi mmoja mmoja. Pierre Gilliard, aliyewafundisha watoto Kifaransa, alikuja na mkewe, aliyewahi kuwa yaya wa Anastasia. Yaya akaomba kuiona miguu. Anastasia alikuwa na kifundo kilichotokeza penye kidole gumba cha mguu, na huyu alikuwa nacho pia. Olga, dada yake Tsar, akaja, akakaa naye, akaondoka na huruma, na baada ya muda akasema si yeye. Gilliard naye akawa mpinzani wake mkubwa. Upande wa pili akasimama Gleb Botkin, mwana wa daktari aliyeuawa pamoja na familia ya Tsar. Huyu alicheza na Anastasia utotoni, na hakuyumba hadi alipokufa.

Ukizisoma shuhuda hizi, utaona watu waaminifu wakitazama uso uleule na kuona vitu viwili. Mgonjwa alikuwa amekonda, meno yamemtoka, ana makovu. Kirusi alikielewa lakini hakukubali kukisema; alizungumza Kijerumani, lugha ambayo Anastasia aliijua kwa shida. Waliomwamini walisema ni mshtuko wa mauaji. Wasiomwamini walisema ni dhahiri. Kila ushahidi ulikuwa na mpini pande zote mbili, kila mtu akashika anakotaka.

Aliyekaribia kulimaliza jambo hili mapema alikuwa mpelelezi wa kukodiwa. Mwaka 1927, kwa fedha za Ernst Ludwig wa Hesse, kaka yake Malkia Alexandra, Martin Knopf alifuatilia nyendo za wanawake waliopotea Berlin mwanzoni mwa 1920, akamkuta Franziska Schanzkowska. Alizaliwa Desemba 1896, kwa hiyo alimzidi Anastasia karibu miaka 5, katika familia ya Wakashubi, mashambani kule ambako leo ni Poland kaskazini. Wakati wa vita alifanya kazi katika kiwanda cha silaha cha Berlin. Mwaka 1916 guruneti lilimponyoka mkononi, likalipuka, likamuua msimamizi wake mbele ya macho yake. Akapoteza akili, akawa mtu wa kuingia na kutoka hospitalini, kisha akatoweka wakati uleule Bi Asiyejulikana alipoopolewa. Doris Wingender, binti wa mwenye nyumba alikopanga, alikutanishwa na Anna akamtambua papo hapo.

Mbona basi kesi haikuishia hapo? Kwa sababu Felix, ndugu yake Franziska, alipokutanishwa naye mwaka huohuo, alikiri kwamba wanafanana sana, kisha akatia saini kwamba huyu si dada yake. Na Ernst Ludwig mwenyewe alikuwa na doa: Anna alikuwa akisema alimwona mjomba huyu Urusi mwaka 1916, vita vikiwa vimepamba moto, jambo ambalo kwa jenerali wa Ujerumani lingekuwa uhaini. Wafuasi wa Anna wakasema mjomba amemnunua mpelelezi ili kuficha siri yake. Ushahidi bora kuliko wote ukatupwa kapuni kwa sababu ya mfuko uliolipia.

Oktoba 1928 mama yake Tsar alifariki Denmark. Siku hizohizo ndugu wakatoa tamko kwamba mwanamke huyu ni mlaghai. Lilisainiwa na watu 12 wa ukoo wa Romanov, na 3 wa upande wa mama yake Anastasia, yaani Hesse. Ishike vizuri hiyo hesabu ya 12 na 3.

Wakili wake Mmarekani, Edward Fallows, alianzisha kampuni iliyoitwa Grandanor, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya Binti Mtukufu Anastasia wa Urusi, ili watu wachange sasa na wagawane baadaye fedha za Tsar zilizosemekana kulala katika Benki Kuu ya Uingereza. Fedha hizo hazikuwahi kuonekana. Kilichokuwepo kweli ni amana katika benki ya Mendelssohn ya Berlin, na hiyo ilishaliwa na mfumuko wa bei. Lakini amana hata ikiwa chembe huhitaji mrithi, na mwaka 1933 mahakama ya Berlin iliwapa hati ya urithi jamaa wa Malkia. Mwaka 1938 Anna akafungua shauri kuipinga hati hiyo.

Ndipo tunapofika kwenye kiini cha kisa kwa jicho la sheria. Vita vilisimamisha shauri, faili likahamia Hamburg, na lilipofufuliwa likakua kama mbuyu. Otto Reche, mwanaanthropolojia aliyewahi kuwatumikia Wanazi kwa elimu ya mbari, alipima picha za nyuso akasema huyu ama ni Anastasia mwenyewe ama ni pacha wake wa kufanana. Minna Becker, mtaalamu wa mwandiko, naye akasema ni yuleyule. Hawa walikuwa wataalamu walioteuliwa kwa ajili ya kesi, si wapiga ramli wa mtaani. Wakati huohuo mdai mwenyewe mara nyingi hakufika mbele ya majaji. Mwaka 1961 mahakama ya Hamburg ikamkatalia. Mwaka 1967 mahakama ya rufaa ikamkatalia tena. Tarehe 17 Februari 1970 Mahakama Kuu ya Shirikisho, kule Karlsruhe, ikafunga jalada.

Ilifungwa vipi? Mawakili wa Anna walilalamika kwamba majaji wa chini walidai uhakika mkubwa kupita kiasi. Karlsruhe ikajibu kwa maneno ambayo mwanafunzi wa sheria wa Ujerumani huyasoma mpaka leo, katika hukumu wanayoiita kwa jina la Anastasia. Jaji hatakiwi kungoja uhakika usio na hata tone la shaka. Anatakiwa kufikia kiwango cha uhakika kinachofaa kwa maisha ya kawaida, kinachozinyamazisha shaka bila kuzifuta kabisa. Na kwa kuwa majaji wa Hamburg hawakuvuka hata kizingiti hicho, na mzigo wa kuthibitisha ulikuwa wa mdai, mdai ameshindwa.

Mahakama haikusema kwamba yeye si Anastasia. Ilisema hakuthibitisha kuwa ndiye. Magazeti hayapendi tofauti hiyo, na wafuasi wake waliitumia kuendeleza matumaini, lakini mimi naona ndiyo sehemu yenye heshima kuliko zote katika mkasa huu. Majaji walikuwa na wataalamu wawili waliosema ndiyo, jamaa 15 waliosema hapana, na mpelelezi aliyelipwa na mdaiwa mtarajiwa. Wakakataa kujifanya wanajua.

Nguvu ya jina hili iliendelea hata kwa wasiohusika nalo. Grigory Romanov, kiongozi wa chama cha kikomunisti Leningrad kuanzia 1970 hadi 1983, hakuwa na undugu wowote na watawala wale. Ni jina tu. Ukazuka uvumi kwamba kwenye harusi ya binti yake alichukua vyombo vya Katerina kutoka jumba la makumbusho la Hermitage na wageni wakavivunja. Haikuwa kweli. Lakini uvumi ulishika, na ulimwandama mpaka 1985, aliposhindwa na Gorbachev katika kuwania uongozi wa nchi. Angekuwa anaitwa Ivanov, sidhani kama kuna ambaye angevikumbuka vyombo. Nadhani Anna naye alibebwa hivyohivyo. Watu hawakuwa wakimtafuta mwanamke fulani. Walikuwa na jina lililoachwa wazi, wakitafuta wa kulijaza.

Anna alihamia Marekani 1968, akaolewa na John Manahan, mwalimu wa historia wa Charlottesville, jimbo la Virginia. Waliishi katika nyumba iliyojaa takataka na paka. Mwaka 1979 alifanyiwa upasuaji wa tumbo, na hospitali, kama ilivyo desturi, ikahifadhi vipande vya utumbo ndani ya nta ya parafini. Alifariki Februari 1984, mwili ukachomwa, majivu yakazikwa Seeon, Bavaria. Kilichobaki cha kupimwa kilikuwa kwenye rafu ya maabara, na hakuna aliyekifikiria.

Mwaka 1991 lilifukuliwa kaburi nje ya Ekaterinburg, mifupa ya watu 9. Wanasayansi wa Uingereza wakiongozwa na Peter Gill, pamoja na Mrusi Pavel Ivanov, walitumia vinasaba vya mitokondria. Hivi havichanganyiki na vya baba. Mama humpa kila mtoto wake, wa kiume kwa wa kike, lakini ni binti tu anayevipitisha mbele. Tsar alivipata kutoka kwa mama yake Mdenmaki, na havikwenda kwa watoto wake. Watoto wote 5 walibeba vya Alexandra, aliyevitoa kwa mama yake Alice, aliyevitoa kwa Malkia Victoria wa Uingereza. Aliyekuwa hai na mnyororo huohuo usiokatika ni Prince Philip, mume wa Malkia Elizabeth, kwa kuwa bibi yake mzaa mama alikuwa dada wa Alexandra. Akatoa damu. Ikalingana na mifupa ya mama na mabinti 3.

Sasa rudi kwenye ile hesabu ya 12 na 3. Wale 12 wenye jina la Romanov, waliosaini kumkana, hawakuwa na chochote mwilini ambacho kipimo hiki kingekitumia kumthibitisha au kumkana binti wa Alexandra. Wale 3 wa Hesse, wasio na jina hilo, walikuwa na jibu katika kila tone la damu yao. Hakuna aliyeweza kulisoma mwaka 1928.

Mwaka 1994, baada ya mabishano ya kisheria Virginia kuhusu nani ana haki ya kuligusa lile pande la utumbo, Gill alilipima. Halikulingana na damu ya Philip. Hapo peke yake kesi ilikuwa imekwisha, miaka 10 baada ya mdai kufa. Mwaka 2007 mifupa ya watoto wawili waliokosekana ilipatikana hatua chache kutoka kaburi la kwanza, ikapimwa, na hakukubaki binti wa kutafutwa.

Lakini Gill alikuwa na sampuli ya pili ya kulinganisha, ya mjukuu wa Gertrude, dada yake Franziska. Mwaka 1938, mwaka uleule wa kufungua shauri, polisi walimkutanisha Anna na ndugu 4 wa Franziska mjini Hanover. Waliokuwemo walimtazama, wakasitasita, wakasema hawana hakika, huyu anaonekana tofauti. Gertrude peke yake ndiye aliyepandisha sauti akimwambia usoni: wewe ni dada yangu, najua wewe ni dada yangu. Wenzake hawakuweka saini, na mwishowe yeye naye hakuweka. Maneno yake yakabaki kwenye faili pamoja na maelfu ya kurasa nyingine. Gertrude akazaa binti, binti akazaa mtoto wa kiume, na damu ya huyo mtoto wa kiume ndiyo iliyolingana na utumbo wa Charlottesville.